Wanamtaka Loai Aseme

Loai alitoka baharini Bustan, pwani ya Maskati, akiwa na njaa na furaha, akafungua mlango wa gari na kukuta simu yake inatetemeka juu ya kiti kama mtu mwenye homa. Aliiacha mle makusudi. Likizo ya baridi ya ligi ya Ubelgiji ni fupi, na alikuwa ameapa kwamba mpaka iishe hatazungumza mpira na mtu yeyote, hata mama yake.

Meseji ya kwanza ilikuwa ya Wout. "Nimeshasema. Samahani kwa likizo yako."

Chini yake kulikuwa na meseji za watu ambao Loai hakuwajua kabisa.

Wout alikuwa nahodha na beki wa kushoto wa klabu anayochezea Loai, na Loai alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo kwa misimu kadhaa wawili hao walikuwa wakigawana ukanda mmoja wa nyasi kama majirani wanaogawana baraza. Asubuhi hiyo ya Jumapili Wout alitoa video. Amekaa jikoni kwake, kikombe mkononi, akasema kwamba yeye ni mwanamume anayependa wanaume, kwamba ana mwenzake anayeishi naye tangu zamani, kwamba amechoka kumwita "binamu" mbele ya watu, na kwamba likizo ikiisha anatarajia kucheza kama kawaida. Video yenyewe fupi kuliko tangazo la sabuni. Lakini wachezaji wanaosema hivyo wangali uwanjani ni wachache, na magazeti yalikuwa na njaa.

Loai alijua tangu msimu wake wa kwanza kule. Asichokijua ni kwamba habari ya Wout ingemfikia yeye Maskati kabla hajajifuta maji.

Sababu ilikuwa picha. Kulikuwa na picha yao wawili wamekumbatiana baada ya goli, vinywa wazi kama watoto. Picha hiyo sasa ilikuwa kila mahali, na chini yake maswali. Gazeti moja la Ulaya liliuliza: je, Mwislamu kutoka Oman atampa tena nahodha wake mkono? Tovuti moja ya Kiarabu iliandika: Loai kimya, anaficha nini? Loai hakuwa kimya. Loai alikuwa anaogelea.

Simu ikalia. Alikuwa Ami Amur, mdogo wa marehemu baba yake, mtu wa biashara na wa sauti kubwa.

"Loai, uko wapi?"

"Bustan, ami. Nilikuwa naogelea."

"Unaogelea! Watu wanakutafuta dunia nzima, wewe unaogelea. Nisikilize. Andika neno moja tu. Astaghfirullah. Usizidishe, usipunguze. Mambo yaishe."

"Astaghfirullah ya nini, ami? Mie sijafanya kitu."

"Ndiyo maana itakuwa nyepesi kuandika."

Ami Amur alikuwa na wasiwasi wake. Yeye ndiye aliyemtafutia Loai tangazo la laban, maziwa ya mgando, na bango la tangazo hilo lilisimama mtaa wa Ruwi, juu ya barabara, Loai ameshika chupa na masharubu meupe ya maziwa juu ya mdomo. Watu wa kampuni walikuwa wameshaanza kumpigia.

Kabla Loai hajafika nyumbani Ghubra, idara ya habari ya klabu nayo ilimletea maneno yaliyokwisha pangwa, yanangoja ridhaa yake tu. "Ninasimama bega kwa bega na ujasiri wako, kaka." Loai aliyasoma mara mbili kwenye taa nyekundu. Yeye na Wout maisha yao ni kutukanana. Nikimwandikia hivi, alifikiri, Wout atadhani nina maradhi ya kufa.

Basi mkononi alikuwa na kauli mbili, zote tayari, wala hakuna hata moja iliyotoka kinywani mwake. Hakuandika kitu.

Jioni alipanda juu ya paa, penye matangi ya maji, akampigia Wout. Walizungumza Kiingereza chao kibovu, kila mmoja na kosa lake.

"Wanakusumbua?" aliuliza Wout.

"Kidogo."

"Mwongo."

"Na wewe je?"

"Mimi wananiuliza habari zako. Leo nimekaa na mwandishi mmoja, anaitwa Dirk. Nusu ya mazungumzo ilikuwa Loai atasema nini, Loai atafanya nini. Nikamwambia, basi kamuulize Loai. Nadhani nimekuletea mgeni."

"Anakuja huku?"

"Ana tikiti ya kesho. Mtu mzuri, lakini hasikii anachoambiwa."

Loai alicheka mpaka akashika tangi. Kisha Wout akasema, kwa sauti nyingine, "Sikiliza. Usiseme kitu kwa ajili yangu. Wewe una watu huko, una mama. Mimi siku yangu nimeichagua mwenyewe. Wewe hukuchagua."

Loai alitaka kumjibu jambo zuri. Alilitafuta kwa Kiingereza, akalitafuta kwa Kiarabu na Kiswahili, hakulipata. Akasema, "Krosi zako za mwezi uliopita zilikuwa mbovu."

"Najua," alisema Wout, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepumua.

Chini jikoni Bi Kheiria, mama yake, alikuwa anakunja sambusa. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja Oman bado msichana, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa mikono mitupu. Habari alikuwa nayo tayari. Aliletewa na Bi Sabah, jirani na shoga yake.

"Loai."

"Naam, mama."

"Huyu Wauti." Jina la Wout hakuwahi kuliweza. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukunambia."

"Siri haikuwa yangu, mama."

Bi Kheiria alikunja sambusa mbili, tatu. "Mie ningemwambia nani?"

Loai alimtazama. "Bi Sabah."

"Bi Sabah si mtu wa kusema. Ukimwambia kitu, umeuambia ukuta."

"Ukuta wenye simu mbili."

Bi Kheiria alicheka bila kupenda, akajirudi. "Dini yangu naijua, Loai. Sikuibadilisha wala sikuulizwa niibadilishe. Lakini kijana huyu kila Ijumaa ananiamkia kwenye video. 'Shikamoo, Mama.' Nani kamfunza?"

"Mie."

"Haya. Sasa Ijumaa hii nifanye nini? Nimtazame tu?"

Mama yake aliendelea kukunja, akasema kama anayejisemea, "Na shikamoo haina jibu jengine ila marahaba."

Jumanne asubuhi walikuja. Ruba, dada yake Loai, daktari wa meno ambaye kliniki yake hufunguliwa alasiri, alitoka kuangalia nani anabonyeza kengele hivyo. Akarudi na uso wa mtu aliyeona jino bovu.

"Mama, wako wawili. Mmoja Mzungu, anataka Loai amsifu mwenzake. Mwengine Mutasim, yule wa kipindi cha michezo cha mtandaoni, anataka Loai amlaani. Wamekutana hapo nje, na hakuna anayekubali kuondoka kabla ya mwenziwe. Wote wanasema ni dakika tano tu."

"Wamekula?"

"Mama!"

"Nakuuliza, wamekula?"

Hivyo ndivyo walivyoingia majlis, chumba cha wageni. Loai aliamriwa abaki jikoni asitoe hata kikohozi. Dirk alikuwa mrefu, pua imeungua na jua la siku moja. Mutasim alikuwa kijana nadhifu, kanzu imenyooshwa, simu yake iko kwenye kijiti tayari. Bi Kheiria aliwakaribisha, akawawekea tende, halwa, sambusa za moto na mkate wa kumimina, akamimina kahawa. Kila Mutasim alipofungua mdomo kuuliza, kitu kilitiwa mkononi mwake.

"Kwani wewe mtoto wa nani?" aliuliza Bi Kheiria.

"Wa Mzee Yazid, mama. Sisi tulikuwa Bujumbura kabla ya kuja huku."

"Ahaa! Ndiyo maana Kiswahili chako kinakwenda kama kinafukuzwa. Ongeza halwa."

Mutasim aliongeza halwa, akameza, akajikaza. "Mama, sina nia mbaya. Watazamaji wangu wanataka kujua tu. Huyu rafiki yake Loai ni shoga."

"Shoga yake nani?"

"Hapana, mama, nina maana... ni shoga."

"Mie shoga yangu Bi Sabah, nyumba ya pili hapo. Kwetu Unguja kila mwanamke ana shoga yake, wa kumwambia mambo yake. Nyinyi Bujumbura wanawake hawana mashoga?"

Mutasim aliiva masikio. Alikuwa na hakika kwamba mama huyu anaelewa kila kitu, na hakuwa na njia ya kuthibitisha. Dirk akamuuliza Ruba wanazungumza nini.

"Lugha," alisema Ruba. "Wanajadili lugha."

Dirk aliona nafasi yake. Akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu kwamba ana swali moja kwa mama mwenyewe: je, Wout akija Maskati, atamkaribisha katika nyumba hii? Ruba alisita, kisha akatafsiri.

Bi Kheiria alikitazama kikombe cha Dirk, akaona kitupu, akakijaza.

"Mwambie," alisema, "yeye ameingia, amekaa, amekula, na mie sijamuuliza analala na nani."

Ruba alitafsiri hivyo hivyo. Dirk akacheka, pua ikazidi wekundu. Hata Mutasim alicheka, mpaka akakumbuka watazamaji wake.

Jikoni Loai aliyasikia yote. Mwanzo aliona raha. Halafu aliona haya. Yeye ni mtu mzima, mabeki wa ligi nzima wanamkimbiza wasimpate, na sasa amejificha nyuma ya jokofu huku mama yake akimpigania kwa sahani za sambusa. Alinawa mikono, ijapokuwa haikuwa na uchafu, akaingia majlis.

"Salaam alaykum."

Simu mbili zikamgeukia pamoja. Ruba akatikisa kichwa, usiseme, usiseme. Loai akakaa.

"Mnataka kauli," alisema, Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza, akawa anarudia hivyo kila sentensi. "Kauli sina. Nina kisa, nacho kifupi. Baridi yangu ya kwanza kule nilikuwa timu ya pili. Nilivunjika mguu mazoezini, mfupa wa muundi. Hakuna mwandishi aliyeandika hata mstari mmoja, na siwalaumu, sikuwa mtu. Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu, jengo bovu, lifti haifanyi kazi. Wout alikuwa nahodha wa timu ya kwanza, hatujawahi kucheza pamoja. Alisikia tu kuna kijana wa Oman yuko peke yake. Akaja, akanibeba mgongoni. Kushuka na kupanda. Hospitali, mazoezi ya mguu, dukani. Ijumaa alinibeba akanipeleka msikitini, akaningoja ndani ya gari mpaka nikatoka. Baridi nzima."

Akachukua tende.

"Halafu?" aliuliza Dirk.

"Halafu nikapona."

"Sawa," alisema Mutasim, "lakini kuhusu hili jambo lake, msimamo wako..."

Hakumaliza.

"Ulivunjika mguu?" alisema Bi Kheiria.

Loai alifumba macho. Katika hesabu zake zote za nani atakasirika, hili alikuwa amelisahau.

"Mama..."

"Uliniambia umeteguka. Uliniambia kocha anakupumzisha. Mie niko hapa nawaambia watu mwanangu kapumzishwa, kumbe mwanangu yuko ghorofani na mguu mbovu!"

"Sikutaka uingie khofu."

"Nani alikuwa anakupikia?"

"Wout."

"Akikupikia nini?"

"Viazi."

"Na nini?"

"Na viazi."

"Baridi yote?"

"Siku ya Idi alitia yai."

Bi Kheiria alishika ncha ya mtandio wake, akajifunika uso. Mabega yalikuwa yanacheza, na mwanzoni hakuna aliyejua kama analia au anacheka, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Ruba alianza kumtafsiria Dirk, pua yake imeziba kwa machozi. Dirk alikuwa anaandika haraka. Mutasim ndiye wa kwanza kushusha simu. Aliiweka kifudifudi juu ya zulia, akasogeza boksi la tishu mbele ya mama mwenye nyumba, kimya kimya, kama mtoto wa humo.

"Haya," alisema Bi Kheiria alipojifuta. "Mmekuja kutafuta maneno, mmeyapata. Kunyweni kahawa, isipoe."

Makala ya Dirk ilitoka siku iliyofuata, na viazi vilikuwa kwenye kichwa cha habari. Mutasim aliiita video yake "Loai akwepa swali", kwa sababu kipindi lazima kiwe na jina la kuvuta watu, lakini aliiweka nzima bila kukata, pamoja na mama kulia. Watu waliitazama kwa wingi. Wengine walimtukana Loai kwa Kiarabu, wengine walimtukana kwa Kiflemi cha Ubelgiji kwa kutosema zaidi. Bibi mmoja wa Nizwa aliuliza mkate ule wa kumimina umetiwa iliki kiasi gani.

Si kila kitu kilikuwa cha kuchekesha. Aws, aliyesoma naye tangu utotoni, alimtoa kwenye kundi lao la simu bila neno. Msikitini mzee mmoja aliyezoea kumshika mkono aligeuka kutafuta viatu vyake kwa muda mrefu sana. Ami Amur hakupokea simu. Na kule Ruwi bango la laban lilishushwa asubuhi moja, likapandishwa jengine lenye ng'ombe anayetabasamu. Ruba alilipiga picha akamletea: "Kakushinda sura." Loai alicheka, lakini usiku alijigeuza geuza kitandani, akiwaza kama angeandika lile neno moja la Ami Amur, saa hizi angekuwa wapi. Alijiona ndani ya gari la Wout wakitoka msikitini, baridi, dirisha lina ukungu, akamaliza kuwaza.

Ijumaa Wout alipiga simu ya video, akachelewa kuliko kawaida yake. Uso wake ulionekana mchovu. Loai alimpa mama yake simu, akasimama mlangoni asijue aondoke au abaki.

"Shikamoo, Mama," alisema Wout, pole pole, kama mtu anayegonga mlango asio na hakika nao.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Kheiria. "Umekula nini leo?" Alipotafsiriwa jibu alipandisha macho juu kwenye dari. "Viazi tena! Loai, mwambie naleta bizari."

Akaleta kweli. Sanduku la Loai la kurudia lilikuwa na bizari ya pilau, achari ya ndimu, pilipili za kusaga, na mfuko wa halwa uliofungwa mara tatu ili usivuje juu ya jezi. Juu ya bizari aliweka maelezo aliyomwamrisha Ruba ayaandike kwa Kiingereza, namna ya kuunga viazi kwa nazi. Uwanja wa ndege hakusema mengi. Alimshika Loai kidevu na kumwambia, "Ukivunjika tena, nijue mie kwanza."

Mechi ya kwanza baada ya likizo ilionyeshwa Jumamosi usiku. Bi Kheiria na Ruba walikaa mbele ya televisheni, na Bi Sabah alikuja "kupita tu" akiwa na sahani ya kachori. Walipoanza kutoka wachezaji, kengele ililia. Alikuwa Ami Amur. Alisema televisheni yake imeharibika. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akakaa karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua.

Wout alipogusa mpira mara ya kwanza, upande mmoja wa uwanja ulipiga miluzi ya kuzomea, na upande mwengine uliimba jina lake kuizima. Bi Kheiria alishika tasbihi akaminya. Wout alipiga pasi ya kawaida, mita chache, akakimbia. Miluzi ilirudi mara ya pili, ikapungua ya tatu, na baadaye mpira wenyewe ukawashughulisha watu.

Kipindi cha pili, sare, Wout alipanda ukanda wa kushoto, akamzunguka mtu, akapiga krosi. Kipa ameshatoka. Goli liko tupu. Loai alikuwa pale pale panapotakiwa, peke yake, na akaupiga mpira juu ya mwamba, juu ya mabango, mpaka kwa watu waliokaa viti vya bei rahisi.

Ami Amur alikuwa ameshasimama katikati ya majlis. "Hata mie ningefunga lile! Na goti langu hili!"

Mechi iliisha hivyo hivyo, hakuna aliyefunga. Loai na Wout waliletwa mbele ya vipaza sauti, jasho linawatoka, mvuke unapanda mabegani. Mwandishi wa kwanza alimnyooshea Loai kinasa sauti na kuuliza, kwa ghadhabu ya mshabiki kabisa, "Lile ulilikosaje?"

Loai akatabasamu. Akatabasamu vibaya, meno yote, mpaka mwandishi akageuka nyuma kuona kuna nini. Kisha akaanza kueleza: mpira ulidunda, nyasi zilikuwa na maji, uzito wake ulikuwa mguu wa nyuma, na zaidi ya yote krosi ilikuja juu. Wout akadakia kwamba krosi haikuwa juu. Loai akasema ilikuwa juu. Mwandishi wa pili aliuliza kuhusu ujasiri, na Wout akamwomba asubiri kidogo, kwanza wamalize hili.

Ghubra nako hawakuwa wamemaliza.

"Ilikuwa juu," alisema Bi Kheiria. "Mwanangu si mjinga."

"Haikuwa juu hata kidogo," alisema Ami Amur, akivuta sahani ya kachori karibu yake. "Tusidanganyane, Kheiria. Yule kijana kamwekea mpira kwenye sinia. Mpira wa haki kabisa. Mbovu ni wetu."

"Irudishe nyuma, Ruba," alisema Bi Sabah. "Tuone."

Ruba akairudisha.